Swichi Moja Isiyowashwa: Ajali ya Phenom 100 kwenye Nyumba za Gaithersburg, Desemba 2014

Jumatatu ya tarehe 8 Desemba 2014, saa 4:41 asubuhi kwa saa za huko, ndege ndogo ya jeti aina ya Embraer Phenom 100 ilianguka juu ya nyumba za watu mjini Gaithersburg, jimbo la Maryland, Marekani. Ilikuwa imebakiza robo tatu ya maili, yaani kilomita moja na ushei, kuifikia ranwei ya uwanja wa Montgomery County Airpark. Watu watatu waliokuwa ndani ya ndege walikufa. Katika nyumba mojawapo walikufa wengine watatu: mama na wanawe wawili wadogo, mmoja bado kichanga.

Injini zote mbili zilikuwa zinafanya kazi. Usukani ulikuwa mzima, mafuta yalikuwepo, na rubani alikuwa na leseni ya daraja la juu kabisa na kibali cha kurusha aina hiyo ya ndege. Siku za mwanzo watu walitaja ndege wa angani, kwamba huenda waliingia kwenye injini. Wachunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, hawakukuta dalili yoyote ya hilo. Walichokuta ni swichi ambayo haikuwashwa, na nyuma ya swichi hiyo kuna hesabu ambayo kila anayerusha ndege, au anayeishi chini ya njia ya ndege, anastahili kuielewa.

Ndege ndogo nyingi hazina kinasa chochote, kwa hiyo zikianguka wachunguzi hubaki kusoma vyuma vilivyopindana. Hii ilikuwa na kinasa kimoja kinachohifadhi sauti za chumba cha rubani pamoja na takwimu za safari, nacho kilipatikana kikiwa kinasomeka. Ndiyo maana tunaweza kufuata safari hii hadi sekunde ya mwisho.

Phenom 100 ni jeti isiyofika tani tano, ina injini mbili mkiani, na imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Siku hiyo iliruka saa 3:45 asubuhi kutoka Chapel Hill, North Carolina, kuelekea kaskazini. Safari yote haikufika hata saa moja. Rubani alikuwa na takriban saa 4,700 za kuruka maishani mwake, lakini katika aina hii ya ndege alikuwa na chini ya saa 150. Mwaka 2010, kwenye uwanja huohuo wa Gaithersburg, alishawahi kupata ajali na ndege nyingine, ya pangaboi moja, akanusurika.

Uwanja wenyewe ni mdogo na hauna mnara wa kuongozea. Waongozaji wa eneo hukuleta hadi karibu, kisha unahamia masafa ya pamoja ya redio ambako marubani hutangaziana wenyewe kwa wenyewe mahali walipo. Ranwei yake ina futi 4,202, karibu mita 1,280. Kumbuka namba hiyo.

Hali ya hewa ilikuwa ya kawaida kwa Desemba ya Maryland. Mawingu yalitanda futi elfu tatu na kidogo juu ya ardhi, chini yake mtu anaona mbali, na joto uwanjani lilikuwa chini kidogo ya nyuzi sifuri. Kwa jicho la abiria huo ni utulivu mtupu, hakuna radi wala upepo mkali. Hatari ilikuwa ndani ya mawingu yenyewe. Matone ya maji kwenye wingu yanaweza kubaki maji hata joto likiwa chini ya sifuri, yakisubiri kitu cha kugusana nacho. Ndege inapoyapitia, matone hugonga ukingo wa mbele wa mabawa na wa mkia na kuganda palepale. Kwa dakika kadhaa za kushuka, ndege hii ilipita katika hali hiyohiyo.

Barafu hiyo huongeza uzito, ila uzito ndio tatizo dogo. Madhara makubwa ni kwenye umbo. Bawa huinua ndege kwa sababu hewa inalifuata kwa ulaini kutoka ukingo wa mbele hadi nyuma. Ukingo huo ukishika tabaka jembamba tu la barafu yenye chengachenga, mfano wa msasa mkavu, hewa huanza kubanduka mapema. Bawa safi huweza kuinuliwa pembe kubwa dhidi ya upepo kabla halijaishiwa nguvu; bawa lenye barafu huishiwa kwenye pembe ndogo zaidi, maana yake kwa kasi kubwa zaidi. Kuishiwa huko marubani hukuita stoli. Injini inaweza kuwa inanguruma kama kawaida na bado ndege ikadondoka, kwa kuwa kilichokoma ni kazi ya bawa.

Dawa ya barafu imo ndani ya ndege. Kwenye ukingo wa mbele wa mabawa na wa kile kibawa cha ulalo cha mkiani umebandikwa mpira mweusi wenye vifuko. Ukiwasha swichi iliyoandikwa WINGSTAB, hewa kutoka kwenye injini hujaza vifuko hivyo kwa zamu, vinavimba, vinaipasua barafu, na upepo unaipeperusha. Kisha vinanywea, na baada ya muda vinavimba tena. Kando yake kuna swichi za kupasha joto midomo ya injini. Mwongozo wa ndege hauachi nafasi ya kubishana: joto la nje likiwa nyuzi 10 au chini yake na kuna unyevu unaoonekana, yaani wingu, ukungu, mvua au theluji, basi uko katika mazingira ya barafu na kinga ina utaratibu wake wa kuwashwa. Huna haja ya kusubiri hadi uione barafu yenyewe.

Kinasa kinaonyesha kwamba wakati ndege inapanda, mfumo huo uliwashwa kwa muda mfupi, kisha ukazimwa. Katika kushuka kote hadi mwisho, WINGSTAB haikuguswa tena. Mfumo haukuwa mbovu. Ulikuwa umezimwa.

Kwa nini mtu aiache swichi kama hiyo? Hapa ndipo kisa kinapokuwa na uzito wake, na ndipo ile namba ya ranwei inaporudi. NTSB hawakudai kujua kilichokuwa kichwani mwa rubani. Ila waliiweka hesabu mezani, na hesabu hiyo inasema mengi.

Kabla ya kutua, rubani huchagua kasi ya kupita kizingiti cha ranwei. Kasi hiyo hutoka kwenye majedwali, kwa kuangalia uzito wa ndege na kama kinga ya barafu imewashwa au la. Akishaipata, huiweka alama kwenye kioo cha kasi, na alama hiyo ndiyo anayoilenga kushuka nayo. Rubani huyu aliweka noti 92, kama kilomita 170 kwa saa. Hiyo ni kasi ya bawa safi, na hata kwa bawa safi haikuwa imezingatia sawasawa uzito halisi wa siku hiyo. Kwa ndege iliyotoka kwenye mawingu ya barafu huku kinga ikiwa imewashwa, jedwali linadai kasi iliyo juu ya hapo kwa zaidi ya noti 20.

Kasi hiyo ya ziada ina gharama. Nishati inayopaswa kumalizwa na breki huongezeka kwa mraba wa kasi: ongeza kasi kwa robo, nishati inapanda kwa zaidi ya nusu. Kwa bawa safi, ndege hii ingehitaji futi 2,500 hivi za ranwei, na Gaithersburg ingebaki na akiba ya kutosha. Ukiwasha WINGSTAB na kusoma jedwali linalohusika, umbali unaotakiwa unazidi zile futi 4,202 zilizopo. Kwa maneno mengine, kubonyeza swichi kwa uaminifu kulikuwa na maana ya kukubali kwamba leo hapa hapatuliki, itafutwe ranwei nyingine.

Makosa mengi ya urubani hutokana na kusahau, na huenda hili nalo lilikuwa la kusahau. Lakini yeyote aliyewahi kupanga safari anajua mvuto wa jibu linalokufikisha unakotaka. Jedwali la bawa safi lilikuwa linasema ndiyo. Kwa hiyo mafunzo yanayomkazania rubani “usisahau swichi” bila kumkalisha chini afanye hesabu ya umbali kabla hajaondoka nyumbani yanagusa nusu ya tatizo. Hesabu hiyo hufanywa asubuhi, utabiri wa hewa ukiwa mkononi: je, kuna barafu kwenye mawingu ya kule ninakoenda? Kama ipo, nahitaji ranwei ya urefu gani? Ikifanyiwa hewani, dakika kumi kabla ya kutua, na wenzako wana miadi, majibu hupindika.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo lililofunga mlango wa mwisho. Phenom ina kifaa kinachopima pembe ya bawa dhidi ya upepo na kupiga kelele ya onyo pembe ikikaribia ile ya stoli. Kifaa hicho hakina jicho la kuona barafu. Kinajua habari za barafu kupitia swichi ileile ya WINGSTAB: ikiwashwa, onyo huletwa mapema, kwenye pembe ndogo, ikizimwa, kifaa huamini kwamba bawa ni safi na hukaa kimya hadi pembe kubwa. Kwa hiyo swichi moja iliyoachwa iliondoa mambo matatu kwa mpigo. Vifuko havikuvimba, alama ya kasi kwenye kioo ilibaki ile ya bawa safi, na onyo likapangwa kwa bawa ambalo halikuwepo. Rubani aliyekuwa na onyo la kuja mapema angekuwa bado na nafasi ya kusukuma pua chini na kuongeza nguvu. Huyu hakuwa nayo.

Dakika za mwisho zilikwenda hivi. Ndege ilitoka chini ya mawingu na ranwei ikaonekana. Hapo kuna mtego wa moyo: ukishatoka kwenye wingu unaona shida imeisha. Barafu haiishi kwa kuonekana kwa ranwei. Joto likiwa chini ya sifuri hadi ardhini, iliyokwishaganda inabaki imeganda hadi ndege isimame. Magurudumu yalikuwa chini, mikunjo ya nyuma ya mabawa imeteremshwa, na otopailoti, mashine inayoirusha ndege kwa niaba ya rubani, bado inashikilia mteremko. Kasi ilipopungua, otopailoti ilifanya inachojua, yaani kuinua pua kidogokidogo ili ndege isishuke chini ya mstari wake. Kila ilipoinua pua, pembe ya bawa iliongezeka. Mtu mwenye usukani mkononi huhisi uzito huo kiganjani. Aliyeiachia mashine haoni kitu isipokuwa akitazama kioo cha kasi.

Onyo la stoli liliposikika, kasi ilikuwa chini ya noti 90 na ndege iko mamia machache tu ya futi juu ya mapaa. Likaendelea kulia hadi mwisho wa kurekodi, sekunde 20 hivi. Ndege ikaanza kulala upande mmoja, kisha mwingine, kwa sababu barafu haikai sawa kwenye mabawa mawili na bawa moja huishiwa kabla ya mwenzake. Halafu ikalala kabisa isiinuke. Kujinasua kwenye stoli kunahitaji kuuza kimo ili kununua kasi, na kimo cha kuuza hakikuwepo. NTSB walilisema hilo wazi katika hitimisho lao la Juni 2016: kinga ya barafu haikuwashwa, kasi zilizotumika hazikulingana na hewa wala uzito, na kwa pamoja zikaleta stoli kwenye kimo ambacho hakuna rubani angeweza kuiokoa ndege.

Sasa tushuke chini kwenye nyumba, maana taarifa nyingi za ajali za ndege huishia kwenye bawa.

Ndege iligonga na kuharibu nyumba tatu. Kiwiliwili chake kiliishia kwenye ya kwanza, lakini vifo vya ardhini havikutokea huko. Vilitokea katika nyumba ya jirani, ambako bawa lililong'oka, likiwa bado na mafuta, lilirushwa likaingia upande wa mbele. Mafuta ya jeti ni ndugu wa karibu kabisa wa mafuta ya taa. Yakiwa yametulia ndani ya ndoo kwenye baridi kama ile, kiberiti kingeshindwa kuyawasha. Bawa likipasuka kwa kishindo, mafuta hayamwagiki kama ya ndoo. Hutoka kama ukungu, na ukungu huo ukikutana na injini ya moto au cheche ya waya hulipuka mara moja. Yanayobaki hutiririka sakafuni na kuwaka chini ya fanicha, mazulia na mapazia, vitu ambavyo vikiungua hutoa moshi mweusi wenye sumu.

Mama na watoto wake walikuwa ghorofani, na moto ulikuwa chini yao. Ngazi za nyumba ya namna hiyo hugeuka bomba la moshi: njia ya kutokea ndiyo moshi unayoitumia kupanda. Zimamoto waliwakuta bafuni, mama akiwa amewafunika wanawe kwa mwili wake. Walikufa kwa kuvuta moshi. Alifanya kila ambacho mama angeweza kufanya kwa muda aliopewa, na yafuatayo hayaandikwi kumhukumu. Yanaandikwa kwa sababu wengi wetu, moto ukizuka, tungekimbilia bafuni vilevile tukifuata maji. Maji ya bomba hayazuii hewa ya sumu. Ukiwa ghorofani na ngazi zimeshajaa moshi, chumba cha kukimbilia ni kile chenye dirisha linalofunguka kuelekea nje, upande ulio mbali na moto. Funga mlango, ziba upenyo wa chini kwa nguo au shuka, kisha ndipo ufungue dirisha, ukae chini karibu nalo na kupaza sauti. Mlango wa kawaida wa mbao uliofungwa huchelewesha moshi kwa dakika zenye thamani; ukiachwa wazi haukusaidii hata kidogo. Kama ngazi bado zinapitika, toka mara moja kwa upande ulio kinyume na mabaki ya ndege, ukifunga kila mlango unaoupita.

Majirani wanaokimbilia kusaidia nao wana lao la kujua. Mafuta hufuata mteremko na moshi hufuata upepo, kwa hiyo simama upande wa juu wa ardhi na upepo unakotoka. Usimwagie ndoo za maji moto wa mafuta: mafuta huelea juu ya maji na kusafiri nayo hadi nyumba inayofuata. Zimamoto wanahitaji povu kwa kazi hiyo, tena kwa wingi. Gesi ya kupikia na umeme wa nyumba zinazopakana vifungwe mapema. Cha kuwaambia wazima moto kwanza kabisa ni nani anaishi kwenye nyumba ipi na nani alikuwepo ndani asubuhi hiyo, kwa sababu wao wanauona moto lakini hawawajui watu. Mabaki yasiguswe. Ndani yake kuna mitungi ya oksijeni, betri zenye nguvu na vyuma vikali, na kipande kimoja kilichosogezwa kinaweza kuwa ndicho kilichobeba jibu. Ukiwa na video, ihifadhi kama ilivyo na uwakabidhi wachunguzi.

Saa ya tukio nayo ina maana kubwa. Saa nne asubuhi ya Jumatatu, nyumba nyingi za mtaa kama ule huwa tupu, watu wako kazini na shuleni. Wanaobaki ni akina mama waliojifungua, watoto wachanga, wazee na wagonjwa, walewale ambao kutoka mbio ni kazi ngumu. Linganisha na Nairobi mwezi Julai mwaka huohuo wa 2014: ndege ya mizigo aina ya Fokker 50, kubwa mara nyingi kuliko Phenom, iliruka kutoka Jomo Kenyatta ikaangukia jengo la biashara Utawala, Embakasi, kabla ya alfajiri. Walikufa watu wanne waliokuwa ndani ya ndege. Jengo kama hilo saa nne asubuhi lingekuwa limejaa watu.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani barafu ni shida ya Wazungu na majira yao ya baridi. Kwetu, karibu na ikweta, joto la sifuri linaanzia kama futi 16,000 juu ya usawa wa bahari. Ndege ndogo ya Dar es Salaam kwenda Zanzibar haifiki huko. Lakini jeti na pangaboi kubwa hupita kimo hicho katika safari nyingi, na mawingu manene ya masika yamejaa matone yaliyo tayari kuganda. Tofauti yetu ni kwamba ndege ikishuka chini ya kimo hicho huingia kwenye hewa ya joto na barafu huyeyuka kabla ya kutua. Gaithersburg hapakuwa na hewa hiyo ya joto.

Baada ya uchunguzi, NTSB walipendekeza kwamba jeti ndogo zinazorushwa na rubani mmoja ziwe na mfumo wa kumtahadharisha rubani pale kinga ya barafu inapotakiwa kuwashwa, na kwamba mafunzo ya kuruka majira ya baridi yaimarishwe kwa marubani wa ndege hizi. Pendekezo la kwanza linagusa kiini. Ndege tayari ilikuwa inapima joto la nje. Kilichokosekana ni kifaa cha kuunganisha joto hilo na swichi iliyozimwa, kisha kumwambia mtu aliye peke yake: washa.

Nao umbali wa kwenda kwenye ranwei ndefu ulikuwa mfupi. Uwanja wa Dulles, wenye ranwei ambazo kila moja inazidi futi 9,000, uko kama kilomita 35 kusini-magharibi mwa Gaithersburg. Kwa jeti hii ni safari isiyofika dakika kumi, na kwa wenye miadi ni gari la kukodi na saa moja ya kuchelewa.